Mgahawa Mkongwe Ndio Kipimo cha Uji

Uji wa mchele ni chakula ambacho karibu kila mtu anaweza kudai kwamba anajua kukipika. Mchele, maji, chumvi na moto, basi. Hata hivyo, katika miji ya Guangzhou na Hong Kong, kusini mwa China, watu wanaojua vizuri kupika uji majumbani mwao huamka mapema na kwenda kukaa katika mgahawa mdogo ambao umekuwa ukiuza uji huohuo tangu enzi za wazazi wao. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mazoea tu, au ni mapenzi ya mambo ya kale. Mimi nasema ni busara ya mlaji. Umri wa mgahawa wa uji ni sehemu ya ubora wa uji wenyewe, kwa sababu chakula chenye vitu vichache ndicho rahisi zaidi kuchakachuliwa, na mlaji hana njia ya haraka ya kumtambua mpishi mwaminifu isipokuwa kuangalia amedumu kwa muda gani mbele ya majirani wanaorudi kila siku. Anayefurahia bakuli la uji katika mgahawa wa namna hiyo anafurahia pia uaminifu ambao umekwisha kupimwa kwa miongo.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa thamani ya uji. Unguja na Mombasa, uji wa mchele wenye tui la nazi, iliki na pilipili manga ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutiwa kinywani baada ya adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani. Tofauti ni kwamba kwetu uji huo mara nyingi hutiwa sukari na kunywewa kikombeni, ilhali Wakantoni wa kusini mwa China, ambao huuita jook, huupika wa chumvi, huutia samaki au nyama, na huula bakulini kwa kijiko cha kauri. Wala jambo hili haliko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Wafanyabiashara wengi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo wanaofuata bidhaa Guangzhou hufikia eneo la Xiaobei, katikati ya mji ambao ndio kitovu cha upishi wa Kikantoni. Wengi wao wanapita kila asubuhi mbele ya sufuria ambazo zina mengi ya kusimulia kuhusu kazi, muda na imani kati ya muuzaji na mnunuzi.

Kazi iliyofichwa ndani ya bakuli

Tuanze na kazi yenyewe, maana ndiko ushahidi uliko. Mpishi wa Kikantoni huosha mchele, huuchanganya na mafuta kidogo na chumvi, kisha huuacha utulie kabla haujaingia motoni. Kikombe kimoja cha mchele hupewa maji vikombe 10, na wako wanaofika 12 au kupita hapo. Maji huchemshwa kwanza, ndipo mchele utiwe, na baada ya hapo huja saa kadhaa za moto wa kiasi na za kukoroga ili uji usishike chini. Punje huvimba, hupasuka na kuachia wanga wake, mpaka mchele na maji vinakuwa kitu kimoja kizito na laini ambacho ndani yake huoni punje nzima wala maji yaliyojitenga. Wapishi wengi huongeza utando mkavu wa maziwa ya soya, ambao huyeyukia humo na kuupa uji ulaini zaidi. Wengine hutumia supu ya mifupa ya nguruwe, samaki bapa aliyekaushwa, au nyama kavu ya kombe wa baharini. Huo ndio uji wa msingi, na kabla ya nyama yoyote kutiwa, tayari umeshatenganisha mgahawa mzuri na mbaya.

Yanayofuata hufanyika kwa ajili ya mteja mmoja mmoja. Uji wa msingi huchotwa kwa upawa, hutiwa katika sufuria ndogo na kuchemshwa kwa moto mkali, kisha huongezwa alichoagiza mtu: vipande vyembamba vya samaki wa maji baridi, maini, nyama ya ng'ombe iliyosagwa, au matumbo yaliyosafishwa kwa uangalifu. Uji mzito hushika joto muda mrefu, kwa hiyo samaki anapofika mezani amekwisha kuiva lakini hajakakamaa. Juu hunyunyizwa tangawizi iliyokatwa nyuzinyuzi, majani ya kitunguu na pilipili manga nyeupe. Mwenye kupenda ladha iliyokolea huagiza uji wa nyama ya nguruwe na mayai ya bata yaliyohifadhiwa kwa majivu, chokaa na chumvi, ambayo ute wake hugeuka kahawia nzito na kiini chake kuwa laini chenye rangi ya kijani-kijivu. Pembeni huletwa kijiti kirefu cha unga wa ngano kilichokaangwa, kinachoitwa yau ja gwai kwa Kikantoni na youtiao kwa Kichina sanifu. Hukatwa vipande, huchovywa, na huliwa kabla hakijalegea. Raha ya mlo huu iko katika kukutana kwa vitu vinavyopingana: ulaini wa uji na ukavu wa kijiti, upole wa mchele na ukali wa tangawizi, joto linalomlazimu mtu aanzie pembeni ya bakuli na kwenda taratibu kuelekea katikati.

Sasa tutazame jinsi kazi hiyo inavyoweza kukwepwa. Unga wa mahindi hufanya uji uwe mzito kwa dakika chache. Magadi huvunja punje upesi. Viungo vya pakiti huiga supu ya mifupa. Upawa mmoja wa maji ya moto huzaa bakuli jingine la kuuza. Mgeni mwenye njaa hawezi kuyagundua haya kwa kula mara moja, kwa sababu uji hauna mchuzi wala rangi ya kumwonyesha kasoro. Jirani anayekula hapo kila asubuhi hugundua. Ulimi wake una kumbukumbu ya mamia ya mabakuli, naye hujua siku ambayo moto ulizimwa mapema. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya uji, methali hiyo ina sharti: chema hakijiuzi siku ya kwanza, bali hujiuza kwa mteja anayerudi. Ndiyo maana nasema muda ni kipimo, na tena ni kipimo pekee ambacho muuzaji hawezi kukinunua wala kukitangaza.

China yenyewe imeujua udhaifu huu wa uji kwa karne nyingi. Katika enzi za Ming na Qing, majiko ya uji yalifunguliwa na serikali na matajiri ili kuokoa watu wakati wa njaa na baridi kali. Hofu ya kila mara ilikuwa kwamba wasimamizi wangeiba mchele na kuziba pengo kwa maji. Kipimo kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba uji wa msaada ulipaswa kuwa mzito kiasi cha kijiti cha kulia kuweza kusimama wima ndani yake. Uzito wa uji ulikuwa suala la haki, la nani anaishi na nani anakufa. Mbali na majiko hayo ya njaa, Yuan Mei, mshairi na mlaji mashuhuri ambaye kitabu chake cha mapishi kilitoka mwaka 1792, alishikilia kwamba mchele na maji lazima viungane hata kimoja kisionekane peke yake, na aliwalaumu waliojaza nyama na matunda ndani ya uji mpaka ladha yake halisi ikapotea. Mnyonge aliyepanga foleni na mwanazuoni aliyeshiba walikuwa wakilinda kitu kimoja: wingi wa mchele na ukweli wa kazi.

Jiko la mtaa mzima

Hong Kong inaonyesha waziwazi kwa nini kazi hiyo ilihamia mgahawani. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wastani wa kati wa eneo la makazi kwa kila mtu ulikuwa mita za mraba 16 tu, na zaidi ya watu 200,000 waliishi katika vyumba vilivyopatikana kwa kugawagawa nyumba moja. Katika makazi ya namna hiyo jiko ni kona, mara nyingine ni meko moja karibu na choo. Kuchemsha sufuria kwa saa tatu katika kona hiyo, wakati wa kiangazi chenye unyevu mzito, ni mateso kwa mwili na kwa mfuko. Mgahawa unapika sufuria moja kubwa na kugawanya gharama ya moto, mifupa na usingizi wa mpishi kwa mamia ya mabakuli. Mzee anayeishi peke yake, dereva wa teksi aliyemaliza zamu ya usiku na mwanafunzi anayewahi darasa, wote wanapata saa tatu za kazi kwa bei ya mtu anayelipia dakika 15 za kukaa mezani.

Hivyo ndivyo migahawa kadhaa ilivyopata umri. Ho Hung Kee ilianza mwaka 1946 katika eneo la Wan Chai, mara tu baada ya vita, mji ulipokuwa ukijaa watu waliotafuta kazi na chakula cha bei ndogo. Tambi zake za wonton na uji wake vililisha kizazi baada ya kizazi, mpaka wakaguzi wa mwongozo wa Michelin wakaupa mgahawa huo nyota yao. Sang Kee, katika mtaa wa Burd Street, Sheung Wan, ilijijengea jina kwa uji wa samaki na wa nyama unaopikwa kwa agizo, katika chumba ambacho watu wasiojuana hukaa meza moja bila kuulizana. Guangzhou nako kuna uji unaohusishwa na mashua zilizokuwa zikiuza chakula majini katika eneo la Liwan, wenye samaki, karanga za kukaanga na nyuzi za mayai. Mashua hizo zimetoweka, lakini uji wake umepanda nchi kavu na unauzwa mjini hadi leo. Kinachodumu, basi, si ukuta wala kibao cha mlangoni. Ni kiwango kinachopokezwa kutoka mkono hadi mkono na kukaguliwa na wateja wanaojua.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni la mwenye nyumba: siku hizi jiko la umeme la kupikia wali lina kitufe cha uji, mtu analala na kuamka uji ukiwa tayari. Ni kweli, na kwa mgonjwa au mtoto mdogo hakuna kinachozidi uji wa nyumbani. Lakini kitufe kinatatua nusu ya kazi. Hakimpi mtu supu ya mifupa iliyoanza jana, wala samaki aliyechinjwa asubuhi, wala maini mabichi ya kutosha bakuli moja bila kubaki na nusu kilo ya kuoza. Wingi wa wateja ndio unaoufanya mgahawa uwe na vitu vibichi kila siku. Pia hakuna haja ya kushindanisha viwili hivi. Mtu anayepika uji wake vizuri ndiye anayetambua haraka zaidi uji mzuri wa mwingine, na ndiye mteja mkali ambaye mgahawa mkongwe unamhitaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Umri, wanasema, si ushahidi wa ubora, kwani ziko sehemu kongwe zinazoishi kwa jina, zilizopandisha bei na kupunguza mchele tangu zilipoandikwa katika miongozo ya watalii. Nakubali kwamba zipo, na hoja yangu haizitetei. Umri unathibitisha jambo pale tu mlaji anapokuwa na uhuru wa kwenda kwingine na uwezekano wa kurudi. Mahali ambapo wateja wengi ni wapita njia wasiotarajia kuonekana tena, ile mahakama ya majirani haipo, na miaka 50 ya mwanzo haiwezi kudhamini bakuli la leo. Kwa hiyo anayetafuta uji asihesabu miaka peke yake. Atazame walioketi: kama wako wazee wanaosoma magazeti, wafanyakazi wa soko lililo karibu na watu wanaoagiza bila kutazama orodha ya vyakula, kipimo bado kinafanya kazi. Nyota na vyeti vinaweza kuongeza sifa, lakini haviwezi kuchukua nafasi ya watu hao.

Wa tatu wanatetea kampuni zenye matawi mengi. Wanasema zina usafi unaokaguliwa, bei zinazoeleweka na ladha isiyobadilika, ilhali mgahawa mkongwe una sakafu yenye utelezi na mpishi mwenye hasira. Usafi si jambo la kubishania. Uji wa samaki wa maji baridi hasa unadai uangalifu, kwa kuwa samaki huyo asipoiva anaweza kubeba minyoo ya ini, na mgahawa usiochemsha uji wake sawasawa haustahili kusifiwa hata ukiwa na miaka 100. Lakini ladha isiyobadilika ya jiko kuu ina gharama yake. Anayechota uji pale mezani siye aliyeupika, na mteja akilalamika, malalamiko yanasafiri ngazi nyingi kabla ya kumfikia mwenye mwiko. Katika mgahawa wa mtaa, mpishi husikia lawama papo hapo, mara nyingi kutoka kwa mtu anayemwita kwa jina. Uwajibikaji huo wa ana kwa ana ndio nguvu yake, na hakuna sababu usiende pamoja na usafi.

Lipo pia swali la afya. Mchele uliopikwa mpaka ukavunjika huingia haraka katika damu kama sukari, na mwenye kisukari ana haki ya kuuogopa. Mayai yaliyohifadhiwa na mboga za chumvi nazo zina chumvi nyingi. Sidai kwamba uji ni dawa, ingawa wengi Uchina huuona hivyo. Ninachosema ni kwamba uji wa Kikantoni unaoliwa na samaki au nyama na tangawizi ni mlo kamili zaidi kuliko uji mtupu, na kwamba bakuli lililojaa maji kwa sehemu kubwa hushibisha tumbo bila kulilemea. Kila mmoja apime kwa hali yake ya mwili. Pingamizi hili linahusu kiasi na mara za kula, haligusi sababu ya kuuthamini mgahawa unaoupika kwa ukweli.

Kinachoweza kuuvunja mnyororo

Ikiwa umri ni kipimo, basi kinachokata umri kabla ya wakati wake kinampokonya mlaji kipimo hicho. Adui mkubwa wa migahawa hii huko Hong Kong si ladha mpya. Ni kodi ya pango, ambayo hupangwa na soko na huweza kupanda ghafla mkataba unapokwisha. Ho Hung Kee yenyewe ilihama mwaka 2012 kutoka duka la barabarani na kuingia katika jengo kubwa la biashara la Hysan Place. Ilikuwa na jina la kuibeba. Mgahawa wa viti 20 usio na jina hilo hufunga tu. Serikali nayo ilichangia kufifisha vibanda vya barabarani vinavyoitwa dai pai dong, ambavyo baadhi yake viliuza uji: leseni mpya ziliacha kutolewa tangu miaka ya 1950, na kuanzia 1983 wenye leseni walilipwa fidia ili wazirudishe. Sababu za usafi na msongamano zilikuwa za kweli, lakini matokeo yake ni kwamba ngazi ya chini kabisa, ambayo mpishi asiye na mtaji angeanzia, iliondolewa.

Singapore ilichukua njia tofauti yenye funzo. Iliwatoa wachuuzi wote barabarani, kazi iliyokamilika mwaka 1986, lakini iliwajengea vituo vyenye maji, mifereji na vibanda vya kodi nafuu. Humo uji wa Kikantoni na wa Kiteochew, ambao punje zake hubaki nzima na huliwa kwa vitoweo vya pembeni, umeendelea kupikwa na wazee na wana wao. Mwaka 2020 utamaduni huo wa vituo vya chakula uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo heshima hiyo haikumaliza tatizo. Wachuuzi wengi wa Singapore wamefikia umri wa miaka 60 hivi, na vijana wanaokubali kuamka saa nane usiku kukoroga sufuria ni wachache. Sababu moja iko wazi: wateja wanaosifu chakula hiki kama urithi ndio hao hao wanaokasirika bei inapopanda kidogo.

Hapo ndipo furaha ya mlaji inapogeuka wajibu. Haiwezekani kudai uji uliokorogwa kwa saa tatu na kukataa kulipia saa hizo. Miji inaweza kufanya sehemu yake: mikataba mirefu kwa wapishi wa mitaani, nafasi za kuuzia zenye kodi ya haki, na mafunzo yanayomlipa mwanagenzi wakati anajifunza. Wamiliki nao wafungue jiko kwa asiyekuwa wa ukoo, maana ujuzi unaofungiwa katika familia moja hufa na mrithi mmoja aliyechagua kazi ya ofisini. Lakini bila mlaji anayerudi, anayelalamika uji ukiwa mwepesi na kulipa bila kunung'unika ukiwa mzito, hatua zote hizo zitahifadhi majina na kuacha mabakuli matupu. Mji unaoweza kumpa mfanyakazi wa kawaida uji wa kweli kila asubuhi kwa miaka 50 umefanikiwa kusawazisha kodi, ujira, ujuzi na uaminifu kwa wakati mmoja, na ni miji michache inayoweza kujivunia hesabu hiyo. Anayeukuta mgahawa wa namna hiyo, Guangzhou, Hong Kong au kwingineko, aule uji wake ungali wa moto, aulipie kwa thamani yake, na awe miongoni mwa wanaorudi.